Kupanga Picha, si Kupanga Chumba

Simu iliingia saa nne usiku. Alikuwa dada mmoja niliyempigia picha za harusi yake miaka mitatu nyuma. Bibi yake mzaa mama amefariki, ibada ni kesho mchana, na familia inataka picha ya kuweka mbele ya jeneza na kwenye ratiba ya mazishi. "Kaka, ile ya bibi akicheka chini ya turubai, bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Negativu yake ya kidijitali, yaani picha mbichi jinsi kamera ilivyoipokea, ilikuwa salama kwenye diski ya nje. Kilichopotea ni usafishaji. Siku ile turubai la bluu lilikuwa limemwagia kila mtu rangi yake, jua la saa saba linawaka nyuma, na mimi nilikaa nusu saa nzima kuurudisha uso wa yule bibi ufanane na uso wake. Ile nusu saa ilikuwa imehifadhiwa ndani ya katalogi moja kubwa, yaani faili kuu linalotunza marekebisho yote, ya programu ya kusafishia picha niliyopewa kwenye flashi, nakala iliyovunjwa kufuli. Fundi alipoifuta kompyuta na kuweka Windows upya, katalogi ikaenda. Nilisafisha upya kwa haraka usiku huohuo, na picha iliyosimama mbele ya jeneza ilikuwa na uso wenye ubluu. Hakuna aliyenilaumu. Niliiona mwenyewe kutoka benchi la nyuma, na sijaisahau.

Tangu hapo nina msimamo, na nausema kwa wapiga picha wenzangu wote: kazi yako isikae ndani ya kitu ambacho funguo zake anazo mtu mwingine. Nakala za wizi zinakufa siku yoyote, tena mara nyingi huja na virusi. Programu za kulipia kila mwezi ni nzuri, sikatai, lakini ni chumba cha kupanga. Kodi ni ya dola, na haijui kwamba wakati wa Kwaresima na mwezi wa Ramadhani harusi zinakauka na mpiga picha anaishi kwa pasipoti saizi.

Programu ninayotumia sasa kusafisha picha mbichi inaitwa darktable. Ilianzishwa na Johannes Hanika mwaka 2009, na tangu mwishoni mwa 2017 inafanya kazi hata kwenye Windows, siyo Linux na Mac peke yake. Watu huziita hizi programu za bure, na jina hilo linaziponza, maana kwetu cha bure kinatiliwa shaka, na kazi bure ni kazi iliyopotea. Mimi nasema programu huru. Leseni yake, GPL, inakuruhusu kuitumia kwa biashara, kuinakili, kumpa mwanafunzi wako, hata kuifungua ndani na kuirekebisha, na hakuna atakayekuja kukufungia.

Lakini kilichonivuta zaidi ni jinsi inavyotunza kazi. Picha mbichi haiguswi kabisa. Ukifungua DSC_0412.NEF ukaanza kuisafisha, pembeni yake kinazaliwa kifaili kidogo, DSC_0412.NEF.xmp, cha kilobaiti chache tu. Ni maandishi, ndani yake mmeandikwa kila hatua uliyopitia. Ukihamisha folda, beba vyote viwili. Fundi na aifute kompyuta anavyotaka: ukiweka darktable upya na kuirudisha ile folda, kila picha inafunguka ikiwa na usafishaji wake.

Wapiga picha wa zamani wangelielewa hili haraka kuliko sisi. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Negativu ya enzi hizo, ikitunzwa vizuri, inasafishika hata leo bila kumwomba ruhusa aliyeuza filamu.

Kuhusu usafishaji wenyewe, nina jambo moja ninalolishikilia. Picha ya JPEG, ile ya kawaida ya kutumiana, ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, wakati picha mbichi ya biti 14 inabeba ngazi 16,384. Tofauti hiyo ndiyo inayomwokoa bwana harusi mweusi mwenye suti nyeusi aliyesimama karibu na gauni jeupe juani. Kwenye darktable kila aina ya marekebisho ina kifaa chake, kinaitwa moduli; mimi huanza na moduli ya mwangaza, nauweka uso mahali pake bila kujali gauni linaungua kiasi gani, kisha naleta moduli ya filmic au sigmoid kulituliza gauni. Uso kwanza. Na tafadhali tusiwachubue watu kwa kompyuta. Bibi yule alikuwa mweusi wa kung'aa, na kumfanya wa maji ya kunde ili picha "iwe safi" ni kumwondoa kwenye picha yake mwenyewe.

Siyo nyepesi. Inataka RAM ya GB 8 ndipo ikuridhishe, na wingi wa moduli zake utakutisha. Mimi ilinichukua mwezi mzima, na leo natumia nane au tisa tu. Ikikushinda, jaribu RawTherapee, programu huru nyingine ya kusafisha picha mbichi.

Kabla ya kusafisha, lakini, kuna kupanga, na hapo wengi wetu tumelala. Folda inaitwa "Harusi mpya", nyingine "Harusi mpya 2", nyingine "Usifute". Mimi sasa naanza na tarehe, 2024-08-17, kisha mji na aina ya shughuli, halafu nafungua digiKam, programu huru ya kupanga picha iliyoanza mwaka 2001. Humo natia lebo, na kwenye mipangilio nimeiambia iziandike kwenye faili hilohilo la pembeni, ili darktable izikute. Inatambua pia nyuso, na kazi hiyo inafanyika ndani ya kompyuta yako, sura za wageni wa watu hazisafiri kwenda kokote. Lebo ya kwanza ninayotia, hata kabla ya maharusi, ni "wazee". Kila aliyeletwa kwa kushikwa mkono, kila aliyekalishwa kiti cha mbele, namtafuta na kumwekea jina lake na upande wake.

Siku ya arobaini nilikwenda kwa yule dada na picha nyingine, kubwa, ndani ya fremu. Rangi ya bluu ilikuwa imetoka, na kitenge cha bibi kilirudi kuwa cha njano. Nilimwachia na flashi yenye faili mbili, ile mbichi na lile dogo la pembeni, nikamwonyesha mdogo wake jinsi ya kuzifungua.