Notepad: Uduni Wenye Kazi Yake

Notepad, programu ndogo ya kuandikia maandishi matupu yasiyo na mapambo, imo ndani ya Windows tangu toleo la kwanza la mwaka 1985, na kwa sehemu kubwa ya umri huo imekuwa ikisemwa vibaya. Wanaoisema hawakosei. Kwa miaka mingi ilijua kutendua hatua moja tu: ukibonyeza Ctrl+Z mara ya pili, badala ya kurudi nyuma zaidi ilikurudishia lile lile ulilotaka liondoke.

Aibu kubwa zaidi ilikuwa kwenye mwisho wa mstari. Windows huufunga mstari kwa alama mbili zisizoonekana, CR na LF, ilhali Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, hutumia LF peke yake. Notepad haikuitambua hiyo moja, kwa hiyo faili iliyotoka kwenye seva ya Linux ilifunguka ikiwa mstari mmoja mrefu, maneno yamegandana. Marekebisho yalikuja mwaka 2018. Miaka 33! Programu nyingine ndogo za bure zilikuwa zimelimaliza tatizo hilo zamani.

Halafu kulikuwa na kubahatisha herufi. Kwenye Windows XP, ukiandika sentensi moja fupi ya Kiingereza iliyomtaja Bush, ukaihifadhi na kuifungua tena, ulikuta imegeuka herufi za Kichina au visanduku vitupu. Wapo waliodhani kuna njama. Ukweli ni kwamba Notepad ilikisia vibaya usimbaji wa herufi, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa ndani ya faili, na sentensi nyingine nyingi zenye mpangilio kama ule zingeharibika vivyo hivyo.

Pamoja na hayo yote, watu hawajaiacha, na si kwa mazoea tu. Nakili aya kutoka kwenye tovuti uibandike kwenye barua pepe: inakuja na fonti yake, rangi yake, pengine na jedwali lisiloonekana linalovuruga ukurasa. Ipitishe kwanza Notepad, inatoka maneno matupu. Au chukua faili ya mipangilio ya programu. Ukiihariri kwa programu ya kuandikia nyaraka, alama za nukuu zilizonyooka hugeuzwa za kupinda bila kuulizwa, na programu inayoisoma faili hiyo inakataa kufanya kazi. Mwenzake Notepad wa kwenye Mac, TextEdit, naye ana mtego wake: kwa kawaida huanza na maandishi yenye mapambo, na ni juu yako kumwambia unataka matupu.

Faida nyingine ni kuwepo tu. Kwenye mashine isiyo yako, usiyo na ruhusa ya kusakinisha chochote, ubora wa programu usiyoweza kuipata haukusaidii. Ndiyo maana vi, programu ya kuhariri maandishi inayokutwa kwenye seva nyingi, aliyoiandika Bill Joy mwaka 1976, bado inafunzwa kwa wasimamizi wa seva ingawa wanaoanza huhangaika hata kutoka ndani yake.

Kwa maoni yangu, lawama huchanganya mambo mawili. Kushindwa kusoma mwisho wa mstari ni kasoro, kwa sababu kazi ya programu hiyo ni kuonyesha maandishi yalivyo. Kukosa herufi nene si kasoro. Ndiyo sifa yenyewe. Anayeandika msimbo mrefu au kitabu atafute zana nyingine, zipo tele.

Sasa mizani inainama upande mwingine. WordPad, programu ya Windows ya maandishi yenye mapambo, iliondolewa kwenye Windows 11 mwaka 2024, na Notepad imeongezewa vichupo (faili kadhaa ndani ya dirisha moja), ukaguzi wa tahajia, akili bandia ya kuandika upya sentensi, na hata herufi nene. Vichupo navikubali. Lakini siku hizi pia hukumbuka maandishi ambayo hayajahifadhiwa na kuyarudisha ukiifungua tena. Kwa aliyezimikiwa na umeme ni neema. Kwa aliyebandika nywila kwa muda kwenye kompyuta ambayo watu kadhaa wanaitumia kwa akaunti moja, ni hatari ambayo Notepad ya zamani haikuwa nayo. Mengi ya haya huzimwa kwenye mipangilio, ila mtu aliyekuja kusafisha aya moja na kuondoka hana sababu ya kufungua mipangilio.