Siku niliyohesabu simu za mezani za dunia nzima

Kwanza mjue mimi kazi yangu ni printa. Kwa barua ya ajira wameandika afisa wa teknolojia lakini ukweli ni printa, na wino, na kuambia watu wazime halafu wawashe tena. Kwa hivyo ile Jumatatu bosi aliponiita ofisini kwake, ghorofa ya tatu hapo Oginga Odinga Street, nikaenda na bisibisi mkononi.

"Weka hiyo kitu chini," akasema. "Nataka uniambie soko la simu za mezani za ofisi, dunia nzima, ni pesa ngapi kwa mwaka."

Nikacheka. Yeye hakucheka, nikaacha.

Kumbe bosi alikuwa amekutana na jamaa Dubai anauza simu za mezani zilizotumika, zile za kuchomeka kwa waya wa intaneti, na akaamua sisi ndio tutakuwa maejenti wa huku kwetu kote, kuanzia Nakuru mpaka Busia. Mtaji hana. Mwenye mtaji ni mjomba wake, mzee mmoja mstaafu ako na mashamba ya mpunga Ahero, na mzee alikuwa anakuja Ijumaa saa nne kusikiza hii biashara inasema nini. "Anza na dunia," bosi akaniambia, "halafu ushuke polepole mpaka Kisumu. Mzee akiona upana wa dunia hawezi kukataa."

Sasa mimi nilikuwa nimesoma mahali kuhusu Enrico Fermi, yule mwanafizikia, ati alikuwa anauliza wanafunzi wake Chicago kuna mafundi wangapi wa kutengeneza sauti za piano, na hawana kitabu wala nini, wanaanza tu na idadi ya watu wa mji, familia ngapi ziko na piano, piano inaguswa mara ngapi kwa mwaka, fundi mmoja anamaliza ngapi kwa siku, mpaka jibu linatokea lenyewe karibu na ukweli. Nikasema kama mzungu aliweza na piano, mimi na simu nitashindwa aje.

Nikaanza na ofisi yetu. Watu 11, simu za mezani 4. Moja iko mapokezi. Moja inazuia mlango wa stoo usijifunge. Moja ni ya bosi, kubwa, nyeusi, iko na vidude vya mwanga, haina waya wowote nyuma, nafikiri ni ya heshima. Ya nne iko ndani ya droo yangu na sijui ilifikaje. Inayolia ni moja. Nikaandika 4.

Lakini ofisi moja si utafiti bana, hata mimi najua. Jumanne mchana, na lile jua la Kisumu la saa nane ambalo linakuchapa kutoka juu na kutoka kwa lami, nikaingia jengo fulani kubwa la maofisi, silitaji, nikawa napita kwa korido nachungulia kila mlango ulio wazi, nahesabu kwa vidole, nikifika kumi naandika kwa karatasi. Ghorofa ya kwanza 17. Ghorofa ya pili 22. Nilikuwa nimeanza kufurahia hata. Ghorofa ya tatu mkono ukanishika bega.

Soja. Mrefu, kofia imeshuka mpaka nyusi.

"Unatafuta ofisi gani?"

"Sitafuti ofisi."

"Unafanya nini?"

Hapa ningedanganya. Ningesema natafuta choo, kila mtu husema choo. Mimi nikasema ukweli, na ndugu zangu, kuna ukweli mwingine ukiutoa mdomoni unageuka.

"Nahesabu simu."

Akaniangalia. Akaangalia karatasi yangu, 17, 22, na mstari chini yake. Akasema kwa redio, polepole, bila kuniachilia bega, "Huku tatu niko na mtu. Anasema alikuwa anahesabu simu." Kutoka kwa redio ikatoka sauti ya mwanamke, "Amechukua ngapi?"

Nilikaa kwa benchi ya chini dakika arobaini na tano. Kila anayepita anaambiwa "ni yule wa simu," na kila mmoja anashika mfuko wake kwanza ndio anaendelea. Mwishowe bosi akapigiwa, akaeleza, nikaachiliwa, lakini soja aliweka ile karatasi. Kwa hivyo utafiti wangu wote wa uwanjani ulibaki kule kama ushahidi.

Usiku wa Jumatano nikakaa na laptopu. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hasira, na hesabu ya mtu mwenye hasira huwa inapanda tu. Nikasoma watu wanaofanya kazi duniani ni kama bilioni 3.4. Kila mfanyakazi simu moja, nikapunguzia nani? Simu moja kwa bei ya bosi ni shilingi 8,000. Nikajaza kwa ile jedwali niliyokuwa nimeshusha kwa intaneti, yenye rangi nzuri za samawati, nikapiga mara, ikaniletea namba ndefu inashinda upana wa sanduku lake. Nikavuta sanduku. Trilioni 27.2. Na mbele yake, kwa sababu jedwali ilitengenezwa na mtu wa Marekani na mimi sikugusa mipangilio, kulikuwa na alama ya dola.

Walai sikuiona. Nikapiga picha, nikatumia bosi kwa WhatsApp saa saba usiku. Akajibu papo hapo na ile picha ya moto, mara tatu.

Ijumaa mzee akaingia na kofia ya sufu na jua lote hilo, na bakora, na kijidaftari kimefungwa na raba. Bosi akamkaribisha, "Karibu sana jaduong'," chai ikamwagwa, samosa, projekta ikawashwa. Kitu bosi hakuwa ameniambia ni kwamba mzee kabla ya mpunga alikuwa fundi wa Posta na Simu, ile ya zamani, mpaka walipoigawanya 1999. Miaka zaidi ya ishirini anapanda nguzo na kuunganisha simu za maofisi, na mimi ndio nimetumwa kumfundisha simu ya mezani ni nini.

Nikasoma slaidi. "Soko la dunia kwa mwaka: dola trilioni 27.2."

Mzee akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Kijana. Hiyo pesa ni kama ya nchi gani?"

"Aje mzee?"

"Nchi gani iko na pesa kama hiyo. Angalia kwa simu yako."

Nikaangalia. Nikaanza kusoma kwa sauti kama mtoto wa nasari, "Uchumi wote wa Marekani mwaka wa 2023 ulikuwa dola trilioni ishirini na saba na..." na hapo katikati ya sentensi ndio masikio yangu yakapata kile mdomo ulikuwa unasema.

"Sawa," mzee akasema. "Kwa hivyo Wamarekani wote wafanye kazi mwaka mzima, wauze ndege, wauze mahindi, wakusanye kila kitu, watununulie simu za mezani. Chenji itabaki ya chai?"

Bosi akaniangalia vile mtu huangalia tairi imetoboka.

"Umehesabu watu gani?"

"Wote wenye kazi, mzee. Bilioni 3.4."

"Hata yule mama anapalilia mpunga wangu?"

"Ndio mzee."

"Ako ekstensheni gani?"

Sikuwa na jibu. Mapokezi mtu alikuwa anacheka na samosa mdomoni, nilisikia.

Basi mzee akafungua kijidaftari, akatoa biro, na hapo mbele ya projekta yetu akanifanyia hesabu yangu upya. Kwanza hizo ni shilingi, si dola, akaandika kwa kiwango cha 130, zikawa dola bilioni 209. Halafu akauliza kati ya watu watano wanaofanya kazi duniani wangapi wanakaa kwa meza ya ofisi, tukakubaliana mmoja, na hata huyo ni mimi nilimbembeleza. Na hao wa meza, nusu tu ndio wako na simu, akasema, na akaangalia ile inayozuia mlango wa stoo. Sasa tuko simu milioni 340.

"Na unanunua zote kila mwaka? Simu ya mezani haifi, kijana. Nilifunga moja kwa hoteli 1984, nilikuja kuitoa mwenyewe miaka kumi na tano baadaye na bado ilikuwa inalia. Weka miaka kumi."

Milioni 34 kwa mwaka. Mara 8,000, shilingi bilioni 272. Dola kama bilioni 2. Nilikuwa nimekosea mara elfu kumi na tatu, na hiyo ni kama tumeniamini kwa hayo mengine.

Mzee alikuwa ameshapata moto. Akatuambia vile zamani wakubwa walikuwa wanafunga simu na kufuli, kikufuli kidogo kinaingia kwa lile duara la namba, kwa tundu la kwanza, ndio makarani wasipige trunk call, simu za mbali, bure. Na makarani hawakusumbuka na kufuli. Waliinua risiva wakagonga kile kitufe inachokalia, tap tap tap ni tatu, tap mara saba ni saba, sifuri ni mara kumi, kwa sababu lile duara lenyewe likizunguka linafanya hivyo tu, linakata na kurudisha umeme wa laini. Akagonga meza yetu na kidole kimoja akapiga namba ya Nairobi yote hivyo, bila kukosea, macho amefunga. Mimi nilisahau nimeaibika.

Halafu akafunga kijidaftari na raba. "Laini za waya zinapungua kila mwaka, waya wa shaba ulikatwa ukauzwa skrapu mnaona, watu wote wako na simu mfukoni. Usinunue hizo vitu," akamwambia bosi. (Nilikuja kusoma baadaye, laini za waya duniani zilifika kilele karibu 2006, zaidi ya bilioni moja, tangu hapo ni mteremko.)

Bosi akanywa maji. Akanywa tena.

"Nilishalipa za kwanza," akasema. "Alhamisi asubuhi. Nikiona ile trilioni."

Zilikuja 60. Ziko kwa stoo, mlango sasa unazuiwa na katoni nzima. Katika miezi minne tumeuza nane: nne kwa shule moja ya kibinafsi huko Kakamega, na nne, msishangae, kwa lile jengo, walikuwa wanabadilisha zao mbovu ghorofa ya tatu. Nani wa kuzipeleka? Mimi. Nikashuka kwa tuktuk na katoni kifuani, jasho mpaka kwa soksi, nikafika mlangoni, na soja ni yule yule, kofia iko pale pale kwa nyusi. Akafungua katoni, akatoa simu moja, akaigeuza, akairudisha polepole. Akachukua redio.

"Yule wa simu amerudi," akasema. "Ameleta nne."