Mkono uliomchora Felix

Jumamosi iliyopita redio moja ya hapa mjini iliweka chemsha bongo, zawadi vocha ya elfu tano, swali lenyewe: nani alimchora Mickey Mouse? Mdogo wangu kapiga simu weee mpaka ikashika, akajibu Ub Iwerks. Mtangazaji akaangua kicheko, "hapana kaka, jaribu tena wiki ijayo", aliyefuata akasema Walt Disney akachukua vocha yake. Elfu tano hainiumi. Kimeniuma kile kicheko, maana dogo alikuwa sahihi.

Iwerks ndo aliyekaa mezani akachora. Plane Crazy, katuni ya kwanza kabisa ya Mickey, mwaka 1928, karibu yote ilitoka mkononi mwake, na inasimuliwa kwamba alikuwa anafikisha picha 700 kwa siku. Haya, wazo walilipika wote wawili, sauti ya yule panya kwa miaka mingi ilikuwa ya Disney mwenyewe, na bila Disney kuhangaika na hela na mambo ya sauti ile Steamboat Willie, katuni ya Mickey yenye sauti, isingeoneshwa New York tarehe 18 Novemba mwaka huohuo. Hilo nakubali. Tena Disney hakumficha mwenzake, ifungue hiyo Steamboat Willie, isimamishe mwanzoni kabla panya hajaanza kupiga mluzi, utaliona jina la Ub Iwerks limeandikwa pale. Karibu miaka mia lipo palepale na watu tunalipita tu.

Ila wa kumlilia hasa ni Otto Messmer, mchoraji wa paka Felix, maana huyu hata hayo maandishi hakuyapata.

Kabla ya Mickey staa wa katuni alikuwa paka, Felix. Alitokea 1919 kwenye Feline Follies, wakati huo bado anaitwa Tom, na Messmer alisimulia mwenyewe kwamba aliichora nyumbani kwake kwa sababu studio ilikuwa imezidiwa na kazi. Nimeiangalia juzi usiku kwenye simu mara tatu. Kuna sehemu paka anampigia muziki mpenzi wake, noti zinaelea hewani, wanazidaka, zinageuka vigari na wanapanda wanaondoka navyo! Hakuna sauti, hakuna rangi, ni wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, na nimecheka kama mtoto.

Halafu mwangalie Felix wa miaka iliyofuata akiwaza. Anainamisha kichwa, mikono nyuma, anaenda anarudi, anaenda anarudi, alama ya kuuliza inatokea juu ya kichwa, anaichomoa anaitumia kama ndoano. Mkia anaung'oa, unakuwa rungu, unakuwa chochote anachotaka. Ule mwendo haukutoka hewani. Messmer kabla ya hapo alishachora katuni za Charlie Chaplin, Chaplin mwenyewe akatuma picha zake zimsaidie, na jamaa akakaa akasoma namna mtu anavyoweza kuongea kwa mabega na miguu bila kufungua mdomo. Hata weusi wa Felix una sababu ya fundi, ukijaza wino mwili mzima unaokoa kazi ya kuchora mistari mingi, na wakati ule ilikuwa picha moja moja kwa mkono, na kufikia 1925 studio inatakiwa itoe katuni 26 kwa mwaka.

Na kila katuni ilipoanza jina lilikuwa Pat Sullivan, mwenye studio. Midoli ya Felix, hela, sifa, vyote kwa Sullivan. Mwaka 1928 RCA, kampuni ya redio ya Marekani, wanajaribu televisheni hapo New York wakamweka mdoli wa Felix juu ya sahani inayozunguka mbele ya mataa makali, yaani sura ya paka wa Messmer ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kurushwa kwenye televisheni, na watu hawamjui Messmer. Sullivan akafariki 1933, studio ikafa, Messmer akaendelea zake na vibonzo vya Felix magazetini na baadaye kuchora picha za kwenye yale mabango ya taa ya Times Square. Alikuwa mzee tayari watafiti kina John Canemaker walipomfuata wakamuuliza, na watu wakaanza kusema kwa sauti kwamba paka ni wake. Kuna Waaustralia mpaka leo wanamtetea Sullivan kwa kuwa ni wa kwao. Watetee, Sullivan alikuwa mchoraji kweli na studio ilikuwa yake. Lakini ule mwendo sio wa Sullivan.

Naona moto kwa sababu nimeliona kwa macho. Mjomba wangu alikuwa anachora kuta za vinyozi, vile vichwa vinne vya mitindo. Nilikuwa namshikia kopo la rangi, namwona anamalizia mstari wa pembeni ya sikio kwa brashi yenye nywele chache, anazuia pumzi kabisa. Jioni anakuja mwenye tenda, anaangalia, anaomba brashi, anaandika jina lake na namba yake ya simu chini kulia. Mjomba alikuwa anaosha mikono kwa mafuta ya taa, haangalii ukutani.

Na sisi wa Tom and Jerry tuna letu, jina tulilolikariri wote ni Fred Quimby, mtayarishaji anayeandikwa mwanzoni. Quimby hakuchora hata sharubu. Oscar zote saba za zile katuni alipokea yeye, waliozitengeneza ni William Hanna na Joseph Barbera, na hapo sijawataja kina Irven Spence na Kenneth Muse waliokuwa wanamkimbiza yule paka picha kwa picha.

Dogo kaipiga skrinishoti ile sehemu ya mwanzo ya Steamboat Willie, kalizungushia jina la Iwerks duara jekundu, kawatumia watu wa redio WhatsApp. Tiki za bluu zimetokea tangu Jumatatu. Jumamosi tutafungua redio tusikie.