Kabla ya kuniuliza Hilux au D-Max, nionyeshe trela lako

Haupiti mwezi bila mtu kunipigia simu na swali lile lile: "Mzee, nichukue Hilux au D-Max?" Ni pikapu hizo, moja ya Toyota, nyingine ya Isuzu. Siku hizi huongezwa Ranger ya Ford, na yule aliyepandishwa cheo juzi huuliza Amarok ya Volkswagen. Wananiuliza mimi kwa sababu nakodisha mahema, viti na jenereta, ghala langu liko Kariobangi, na kwa miaka kumi na minne nimekaa kwenye pikapu kuliko nilivyokaa sebuleni kwangu. Jibu langu huwaudhi. Nawauliza: unabeba nini, na unavuta nini? Wengi hunyamaza. Mmoja alisema, "Nabeba familia." Nikamwambia basi anunue gari la familia, na tangu siku hiyo hajapiga tena.

Nianze na kuvuta, maana hapo ndipo nilipofunzwa adabu.

Miaka sita iliyopita tulikuwa na kazi ya matanga upande wa Narok. Mahema na viti vilitangulia kwa lori la kukodi. Mimi nilifuata na Hilux yangu ya kabini moja nikivuta jenereta juu ya trela la ekseli moja. Jenereta na trela kwa pamoja ni kama tani moja na robo. Trela lilichomelewa mtaani, na fundi aliyelichomelea aliniuliza swali moja tu: lipakwe rangi gani. Habari ya breki hakuitaja, nami sikuitaja.

Tukashika barabara ya chini, Rironi kuelekea Mai Mahiu. Mvua ilikuwa imenyunya kidogo, lami inang'aa, na mbele yetu kulikuwa na lori la mafuta linalotambaa. Nikakanyaga breki kwenye kona. Nikahisi kama mtu amenisukuma mgongoni kwa viganja viwili. Kisha mkia wa gari ukaanza kucheza: kushoto, kulia, kushoto tena, kila mara kwa upana zaidi. Tanboi wangu aliyekuwa akitafuna miraa akaacha kutafuna. Mguu wangu ulitaka kuikandamiza breki mpaka chini. Nikaulazimisha utoke, nikarudisha gia ya pili, injini ikalia, gari likanyooka polepole. Tulisimama kule chini, karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na mateka Waitaliano waliochonga barabara hiyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kijana akashuka, akafunga mlango kwa upole kabisa, akaniambia kupitia dirishani: "Mzee, mimi nitarudi na lori."

Gari halikuwa na kosa lolote. Makosa yalikuwa yangu, na yalikuwa mawili. La kwanza ni hilo la breki. La pili, nilikuwa nimeifunga jenereta nyuma ya ekseli ya trela ili mahali pa kutilia mafuta pafikike kirahisi. Trela likiwa zito nyuma, ndoano inayoliunganisha na gari huinuliwa, na tairi za nyuma za pikapu zinapoteza uzito wa kushikia lami. Mzigo unatakiwa ukae mbele kidogo ya ekseli, kiasi kwamba karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa trela inalala kwenye ndoano. Hilo sikuambiwa na mtu yeyote aliyewahi kuniuzia gari.

Sasa turudi kwenye majigambo. Ukisoma tangazo la Ranger, la D-Max, la Navara ya Nissan au la Hilux ya lita 2.8, utakuta namba moja inayofanana: kilo 3,500. Watu wanaimeza hivyo hivyo. Hiyo ni namba ya trela lenye breki zake lenyewe. Fungua kitabu cha gari, utaona namba ya pili, ya trela lisilo na breki: kilo 750. Pita Industrial Area siku yoyote uyatazame matrela yanayovutwa pale, uniambie ni mangapi yana breki. Kwa hiyo mtu anabishana usiku kucha ni pikapu ipi inavuta tani tatu na nusu, na kwa trela lake zote zinaruhusiwa chini ya tani moja.

Hata hiyo 3,500 ina mtego. Chukua Ranger ya dabo kabini ya lita 3.2. Gari lenyewe likijazwa haliruhusiwi kuzidi kilo 3,200, na gari pamoja na trela havitakiwi kuzidi kilo 6,000. Ukivuta 3,500 kamili, gari limebakiwa na 2,500, na lenyewe tupu lina kama 2,200. Kilo 300 zilizobaki ni watu wanne na mifuko yao. Viti vyako mia tatu vya plastiki utavipakia kwenye ndoto.

Kwa kupanda mlima, sina ubishi na Ranger. Ile injini ya 3.2 yenye silinda tano ina toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutoni-mita 470, na shemeji yangu aliponiazima yake kwenda Kinangop nilikuwa nasahau kama kuna kitu nyuma. D-Max ya lita 3.0 niliyoizoea, ile ya injini ya 4JJ1, ina 380, na unaijua kila kona. Hilux ya 2.8 ya tangu 2020 yenye gia za otomatiki imefika 500. Lakini katika simu zote hizo nilizopokea, hakuna aliyeniuliza gari gani linateremka vizuri.

Kudumu je? Hapa ndipo watu wa Hilux huvimba vichwa, na nawaelewa. Tumekua tukiona pikapu za miraa zikitoka Meru zimejaa hadi juu ya kabini, zikikimbia kama zimeiba, na kesho yake ni hizo hizo tena. Kabla ya hapo baba zetu waliapa kwa Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Sifa inapatikana kazini, na Hilux imeipata kazini.

Ila sifa ikishakuwa dini inaanza kukugharimu. Toyota waliacha kuuza Hilux kwao Japani mwaka 2004 na hawakuirudisha hadi 2017. Kwa miaka hiyo yote, huku sisi tukijaza nchi magari madogo yaliyotumika Japani, Hilux za kutoka huko zilikuwa zikipungua hadi kuisha. Uchache huo, ukichanganya na sheria yetu ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane, ndio unaofanya Hilux iliyochoka ipewe bei ya bibi harusi. Nimeona moja Ngong Road, kiti cha dereva kimetoboka hadi sponji, na muuzaji anasema bila haya, "Hiyo ni Hilux, boss." Kana kwamba jina ndilo nitakalokalia.

Na si kwamba haikosei. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zilizouzwa huko kati ya 2015 na 2020, zaidi ya magari 260,000, zilikuwa na kasoro kwenye mfumo wa kuchuja masizi ya moshi. Kichujio cha namna hiyo, katika gari la kampuni yoyote, hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na kazi hiyo inakwenda vizuri gari likitembea mbio kwa muda. Wewe unatoka Donholm hadi mjini kwa saa nzima, gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza. Ukiagiza pikapu ya nje yenye kichujio hicho, iwe ya jina lolote, fikiria msongamano wa Jogoo Road kabla ya kufikiria Tsavo.

Ranger nayo ina lake, na hili nawaambia wenye nazo kila nikikutana nao. Katika injini za 2.2 na 3.2, ukimwaga oili usiiache injini kavu zaidi ya dakika kumi hivi, kwa sababu pampu ya oili inaweza kupoteza mvuto wake, na ukiwasha, chuma kinasagana na chuma. Mafundi wetu tunawajua. Anafungua nati, anaacha oili idondoke "mpaka tone la mwisho", anaenda kunywa chai na mandazi, anarudi na stori za siasa. Kwa D-Max hiyo chai haina madhara. Ndiyo maana nasema gari halidumu peke yake, linadumu na fundi wake. Ukiwa na Ranger, tafuta fundi wa Ranger kabla ya kutafuta Ranger yenyewe.

D-Max haina mapambo ya kusimulia. Injini ya 4JJ1 hutumia cheni ya taimingi, ile inayopatanisha mwendo wa vyuma ndani ya injini, wakati Hilux ya 3.0 ya miaka hiyo hiyo hutumia mkanda ambao lazima ubadilishwe, na wanunuzi wengi wa mitumba hawaulizi ulibadilishwa lini. Linaunganishwa hapa hapa Barabara ya Mombasa, katika kiwanda kilichokuwa cha General Motors mpaka Isuzu walipochukua hisa za General Motors mwaka 2017. Spea zake ziko Kirinyaga Road, ziko Grogan, na ziko kwa yule kijana wa Kariobangi ambaye duka lake ni kontena nusu. Land Cruiser ya pikapu ni habari nyingine: injini ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo (ile pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini) wala kompyuta, gari la polisi na la watu wa kaskazini. Kama unaweza kulinunua, huna haja ya kunisoma mimi.

Starehe nitaisema kwa ufupi, maana ndani yake kuna unafiki mwingi. Pikapu nyingi nyuma zina springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, vilivyotengenezwa kubeba tani moja. Ukipanda peke yako, havioni hata sababu ya kuinama. Navara ya dabo kabini ya tangu 2015 imewekewa springi za koili nyuma, na tofauti unaisikia kwenye matuta ya kwanza tu. Ranger ina springi bapa kama wengine, ila imetulia kuliko Hilux na D-Max. Kwa safari ndefu bila mzigo, ningepanda Ranger.

Lakini kabla hujalaumu kampuni, angalia tairi. Niliwahi kumpeleka mama mkwe Tala siku moja baada ya kushusha mahema, gari tupu, tairi za nyuma bado zina upepo wa PSI 45, wa kubebea mzigo. Baada ya lami kuisha, alishika kile kishikio cha dirishani kwa mikono miwili. Hakusema neno kwa muda mrefu. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya ibada, "Mwanangu, hili gari limekasirikiwa na nani?" Nikasimama, nikaomba radhi, nikapunguza upepo hadi 30. Safari iliyobaki alilala. Namba zote mbili, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo, huwa zimeandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni au kitabuni.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa D-Max, kwa kazi yangu na kwa trela langu, ambalo sasa lina breki zake na jenereta imesogezwa mbele. Hilux ningeichukua kama ningepanga kuiuza baada ya miaka mitatu. Ranger ningeichukua kama shemeji angenipa na fundi wake.

Wiki iliyopita nilikwenda yadi moja kutazama D-Max ya kuongeza kazini. Kijana akanipa ufunguo, akasema nizunguke nayo mtaa mmoja nirudi. Nikamwambia hapana, Jumamosi nitakuja na trela langu, tulifunge nyuma, twende mpaka Mai Mahiu na kurudi, na yeye akae kiti cha abiria. Akacheka. Alipoona sicheki, akauliza, "Trela tupu, sivyo?"

"Na jenereta juu," nikasema.

Akaniomba namba ya simu ili amuulize mkubwa wake kwanza.