Jamani, Nilikwenda Kupiga Ngoma Tu

Tangu nirudi kutoka Ulaya, hapa Bagamoyo sina tena jina. Nikikatiza Dunda naitwa Mzungu. Nikikaa barazani, muuza kahawa anawamiminia wazee wote, kashata juu, halafu anakuja kusimama mbele yangu na mkono wazi. Nyumbani nimekuta kadi saba za michango zimepangwa kabatini. Tatu ni za watu nisiowajua hata kwa sura, na moja ni ya kipaimara. Mie Mwislamu!

Swali lao ni moja: hela ya Ulaya iko wapi?

Siwalaumu sana. Mji huu umezoea kuona ngoma ikivuka bahari. Chuo cha Sanaa kipo tangu 1981, na mzee Hukwe Zawose, Mungu amrehemu, alikuwa akikaa hapa hapa na zeze lake amelizungusha dunia nzima. Kwa hiyo mtu akionekana na begi na ngoma anapanda gari la kwenda stendi ya Makumbusho, Dar, habari imeshaisha: kapata. Basi leo naeleza mara moja, anayetaka kuandika aandike.

Hela ilianza kuondoka kabla yangu. Ada ya viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90, zaidi ya laki mbili, na ukinyimwa hairudi. Bado bima, ambayo lazima iwe na uwezo wa kulipia matibabu mpaka euro 30,000. Mie nikiumwa kichwa nanunua panadoli mbili dukani, na moja namwekea mama watoto! Wakataka na taarifa ya benki. Akaunti yangu ilikuwa na shilingi 4,000, nazo zilibaki kwa sababu ATM haitoi vichele. Nikaingia mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kukunyonya, ili akaunti inone. Kisha wakataka uthibitisho kwamba nitarudi. Nisirudi? Hawa wa kausha damu nawajua, wangenifuata mpaka jukwaani.

Pale kwenye foleni, nikisubiri kuchukuliwa alama za vidole vyote kumi, nikawa nawaza. Wajerumani walipokuja hapa kwetu, wakaufanya mji wetu makao makuu ya koloni lao mpaka 1891, nani aliwauliza taarifa ya benki? Abushiri, yule aliyewapiga vita hapa pwani, alijaribu kuwauliza wanakwenda wapi. Wakamnyonga Pangani, mwaka 1889. Nikanyamaza, nikatoa vidole.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo linaloniuma mpaka leo. Tulikuwa na maonyesho Ujerumani, Uholanzi na Uswisi. Onyesho la kwanza lilikuwa Hamburg. Mwenyeji wetu, mtu mpole kabisa, akaniambia kila mpigaji atapata euro 250. Mie mtoto wa sokoni, nimekua nanunua samaki kwa mnada pale ufukweni, nikubali bei ya kwanza? Nikakaza. Nikamwambia ngoma hii imevuka bahari, ongeza. Akanitazama kwa huruma, akataka kusema kitu. Nikamkatiza. Tukavutana robo saa nzima, mwisho akaandika 260. Nikatoka mle ofisini natembea kama jogoo, wenzangu wamekubali 250 zao kimya kimya, nikawaonea aibu.

Kumbe sheria ya kodi ya Ujerumani iko hivi: msanii wa kutoka nje akilipwa euro 250 au chini kwa onyesho, hakatwi. Akipita hapo anakatwa asilimia 15, na juu ya hiyo kodi kuna nyongeza ya asilimia tano na nusu. Na haikatwi ile iliyozidi tu, inakatwa yote. Siku ya malipo wenzangu wakapokea 250 taslimu. Mie nikapokea 218 na senti zake. Nimepigana robo saa kujipunguzia hela! Mwenyeji akasema, "Nilitaka kukueleza." Tangu siku ile wenzangu wananiita Kumi.

Halafu ngoma zenyewe. Ngozi ya mbuzi haijui mkataba, ikikutana na unyevu inalegea. Na Hamburg kulikuwa na mvua ile isiyonyesha wala kukatika. Nikagonga ngoma, ikalia kama debe lenye unga. Nikafanya anachofanya mpiga ngoma yeyote: nikatafuta magazeti, nikajibanza kwenye korido nyuma ya jukwaa, nikawasha. Sikumaliza hata ngoma ya kwanza. Kidude kidogo cheupe pale darini kilianza kupiga kelele ambazo sijasikia hata penye msiba. Watu wote waliokwishakata tiketi wakatolewa nje kwenye mvua, wamejipanga mstari, hakuna aliyesukumana. Zimamoto wakaja na gari zima na ngazi yake. Wakamkuta mtu mmoja mweusi kachuchumaa na ngoma tatu na gazeti lililoungua nusu.

Hawakunigombeza. Dada mmoja wa pale ukumbini akaniletea draya ya nywele. Basi safari nzima iliyobaki, kila jioni, mie baba mtu mzima nilikuwa nakaa kwenye kistuli nawakausha mbuzi kama niko saluni. Na draya yenyewe tulipofika Uswisi plagi ikagoma. Ya Ujerumani ina miguu miwili minene, ya kwao ina mitatu myembamba, na hii yetu ya miguu mitatu ya bapa haimo kabisa katika mazungumzo.

Uswisi tena kuna kijana anakaa na mashine ya kupima kelele, maana sauti isizidi wastani wa desibeli 100 kwa saa. Akanijia kwa adabu, akaniomba nipige ngoma polepole kidogo. Mdundiko, jamani! Polepole!

Watazamaji nao wana mambo yao. Unapiga mpaka jasho linaingia machoni, wao wamekaa wima, mikono mapajani, kama wanasikiliza hotuba ya mkuu wa wilaya. Hakuna anayeinuka kukutunza, hakuna hata noti ya elfu moja inayobandikwa kwenye paji la uso. Ukimaliza ndipo wanalipuka makofi, wote kwa pamoja, pa, pa, pa, hawaachi. Siku ya kwanza nilikimbilia nyuma nikachukua begi. Kwetu kelele za namna hiyo ujue mwizi kakamatwa. Kumbe wanataka turudi tupige tena, bila nyongeza ya malipo.

Barabarani ndiko nilikopumzika, maana dereva wa basi kule akiendesha masaa manne na nusu lazima asimame dakika 45, na kuna mashine ndani ya gari inayomchungulia. Ila tuliposimama, choo kilikuwa euro moja. Kwa hela hiyo Makumbusho unajisaidia wiki nzima.

Kitu pekee nilichofaidi Ujerumani ni chupa. Ukinunua maji unawekeza senti 25 za chupa, ukiirudisha unarudishiwa. Na Wazungu wengine wanaziacha tu! Onyesho la mwisho kule nilikusanya sitini, zikatoka euro 15. Sikuwaambia wenzangu. Hapa nyumbani pia msimwambie mtu kwamba mpiga ngoma wa kimataifa alikuwa anaokota makopo usiku. Usiku gani, hata hivyo, jua lenyewe mwezi wa sita linazama saa nne kasoro. Nilikuwa namngoja Magharibi kama namngoja mdeni.

Hesabu ndiyo hiyo. Kausha damu wamechukua chao siku ya pili.

Sasa juzi shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kaja. Ana harusi ya binti yake Magomeni, anataka ngoma. Nikamwambia laki na nusu na usafiri. Akacheka, akanishika bega. "Shemeji, wewe umetoka Ulaya, visenti hivi vya nini? Tupigie tu. Pilau lipo."

Nikapiga simu kwa wenzangu. Wakauliza tunalipwa ngapi. Nikasema pilau. Mmoja akasema, "Kumi, usianze kuvutana, tutakuta wali mkavu."

Jana tumekwenda. Nikawasha makuti nyuma ya nyumba, nikasogeza ngoma motoni, moshi ukapanda. Nikajikuta nimesimama na ngoma mkononi, shingo imekakamaa, natazama juu. Mtoto wa shemeji akatazama juu na yeye, akazunguka mti mara mbili.

"Mjomba, unatafuta nini? Maembe bado."