Vidonge vya Lishe Uzeeni: Upungufu Unapodhaniwa Kuwa Umri

Mjadala kuhusu virutubisho vinavyosemekana kupunguza makali ya uzee una pande mbili zinazozoeleka. Wapo wauzaji wanaoahidi ujana ndani ya chupa, na wapo wataalamu wanaojibu kwamba mtu anayekula vizuri hana haja ya kidonge chochote. Wauzaji hawahitaji mtetezi, kwa kuwa matangazo yao yanatosha. Hata hivyo, jibu la wataalamu, kwa jinsi linavyorudiwa bila ufafanuzi, lina kasoro inayowagusa wazee moja kwa moja: linachukulia kwamba mwili wa miaka 70 hufaidi chakula sawasawa na mwili wa miaka 30.

Shaka ya wataalamu haikuzuka hewani. Mwaka 1956 mwanasayansi wa Marekani Denham Harman alitoa nadharia kwamba mwili huzeeka kwa kushambuliwa na chembe huru, yaani molekuli zisizotulia zinazotokana na matumizi ya oksijeni, na kutokana na wazo hilo watu wengi waliamini kwamba kumeza kwa wingi antioksidanti, yaani viambato vinavyozizima chembe hizo, kungechelewesha uzee. Majaribio yalipofanywa, majibu yalikuwa machungu. Nchini Ufini wanaume wavutaji sigara 29,133 walishiriki katika jaribio ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 1994, na waliopewa beta-karotini, moja ya antioksidanti hizo, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi kuliko wasiopewa. Mwaka 2011 ikabainika, katika jaribio la wanaume zaidi ya 35,000, kwamba waliomeza vitamini E, antioksidanti nyingine, peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hata vitamini D, inayosifiwa kwa kulinda mifupa, iliwageuka wanawake wazee wa Australia waliopewa yuniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka: walianguka na kuvunjika mifupa mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Anayewaonya watu dhidi ya dozi kubwa ana ushahidi mkononi, na ni haki asikilizwe.

Lakini inafaa kuuliza majaribio mengi ya aina hii yalipima nini. Chukua lile kubwa la Marekani lililowahusisha watu 25,871, ambamo waliopangiwa vitamini D walimeza yuniti 2,000 kila siku kwa takriban miaka mitano. Haikupunguza saratani, wala mshtuko wa moyo, na uchambuzi uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba haikupunguza hata kuvunjika kwa mifupa. Matokeo hayo yamenukuliwa kila mahali kama hukumu ya mwisho, ilhali washiriki walio wengi walianza wakiwa tayari na kiwango cha kutosha cha vitamini hiyo katika damu. Mtungi uliojaa ukiongezwa maji yakamwagika, hilo halithibitishi kwamba maji hayana kazi.

Swali la kumwongezea aliyetosheka ni tofauti na swali la kumpa aliyepungukiwa, na hakuna mahali tofauti hiyo inapoonekana wazi kama kwenye vitamini B12, ambayo neva huihitaji. Katika nyama, samaki, mayai na maziwa, vitamini hii imeshikamana na protini, na asidi ya tumbo pamoja na kimeng'enya cha pepsini ndivyo vinavyoitenganisha ili iweze kufyonzwa. Kadiri umri unavyosogea, ngozi ya ndani ya tumbo la watu wengi hudhoofika na asidi hupungua. Ndiyo maana mwaka 1998 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikadiria kwamba asilimia 10 hadi 30 ya wazee huenda hawawezi kufyonza vizuri B12 iliyomo katika chakula, ikawashauri watu waliovuka miaka 50 waipate hasa kutoka katika vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo au katika vidonge.

Takwimu hiyo inastahili kutafakariwa polepole. Hata tukichukua makadirio ya chini kabisa, ni mzee mmoja katika kila kumi, na huyu anaweza kuwa analishwa vizuri na watoto wake, hakosi nyama wala maziwa mezani, na bado akapungukiwa. Ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu hujengeka kimyakimya. Unapojitokeza, huja kwa dalili ambazo kila mtu amezizoea kwa wazee: miguu kufa ganzi, kuyumba wakati wa kutembea, uchovu, usahaulifu. Jamaa husema ni uzee. Wakati mwingine hata tabibu husema hivyo, na neva zikiharibika kwa muda mrefu si zote zinazorudi katika hali yake. Hatari huwa kubwa zaidi kwa anayetumia metformini kwa ajili ya kisukari, au omeprazoli kwa ajili ya kiungulia kwa miaka mingi, kwa sababu dawa zote mbili hupunguza ufyonzwaji wa vitamini hiyo.

Hapa kidonge kinachodharauliwa hufanya kazi ambayo chakula kimeshindwa kuifanya. B12 ya kidonge haikushikamana na protini, hivyo haingoji asidi. Isitoshe, takriban asilimia moja ya dozi kubwa hupenya utumbo yenyewe. Mikrogramu 1,000 zinaingiza kama 10, na mahitaji ya siku ni 2.4 tu. Kidonge hiki hakimwongezei mtu ujana hata chembe. Kinamwondolea mzigo ambao haukuwa wa umri wake.

Macho nayo yana ushahidi wake: jaribio lililochapishwa mwaka 2001 lilionyesha kwamba mchanganyiko wa vitamini C na E, beta-karotini, zinki na shaba ulipunguza kwa takriban asilimia 25 uwezekano wa ugonjwa wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) unaoletwa na umri kufikia hatua mbaya, ingawa faida hiyo iliwahusu waliokwisha kuwa na ugonjwa huo. Baadaye beta-karotini ikabadilishwa na luteini na zeaksanthini, viambato vya jamii yake, kwa sababu ile ile ya wavutaji sigara wa Ufini. Kuhusu vitamini mchanganyiko na kumbukumbu, majaribio ya karibuni yametoa matumaini ya kiasi, lakini lile la awali la madaktari wanaume wa Marekani halikuona faida yoyote, kwa hiyo singemshauri mtu ajenge tegemeo juu yake.

Ninachokiona kuwa sahihi ni kwamba onyo dhidi ya dozi kubwa libaki kama lilivyo, ila kauli ya kwamba mlo mzuri unatosha iondolewe kinywani mwa anayemhudumia mtu wa miaka 65, hasa akiwa kwenye metformini, hadi kiwango chake cha B12 kipimwe. Kipimo ni cha damu, na kikionyesha upungufu, vidonge au sindano vianze kabla ganzi ya miguu haijawa ya kudumu.