Mtandao hakuna, malipo kwa simu tu

Jamani, wanaosimamia maegesho ya vivutio vya mashambani huku Uingereza wanatutesa. Peak District ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi hii, tangu 1951, na watu waliipigania haki ya kutembea kule. Mwaka 1932 vijana watano walifungwa jela baada ya umati kupanda Kinder Scout, mlima wa huko huko, bila ruhusa. Leo unafika bondeni na watoto, chakula kimefungwa vizuri, unakuta mashine ya malipo imevikwa mfuko mweusi na kibandiko: lipa kwa programu ya simu. Na mtandao hakuna hata chembe! Unapanda kilima umeinua simu juu, programu inazunguka weee, inataka namba ya gari, inataka kadi, halafu inakata. Pembeni mzee wa watu amekamata sarafu zake, hajui aziweke wapi. Ukiondoka bila kulipa, faini inakufuata nyumbani kwa barua. Na msiniambie nipande basi, Jumapili vijiji vingi havipati basi kabisa. Rudisheni mashine za sarafu, au jengeni mnara wa simu kwanza.